Pini Nyekundu za Kabiria

Mnaweza kunicheka, hata mimi ningecheka. Nilikuwa karani wa polisi mjini, na kazi yangu ilikuwa kuchomeka pini nyekundu kwenye ramani ya Nairobi kila mahali mtu alipouawa. Tumbo ndilo lililoniponza. Mchana mmoja nilichomeka na zangu, kando ya barabara kuanzia Muthangari, kupitia Kabiria, hadi Waithaka, kwenye nyumba za Waluhya wenzangu nilikokula kuku Jumapili, nisije nikarudi mapema mno kwa mwenyeji yule yule. Nikasahau kuzitoa.

Kesho yake nilimkuta afande mbele ya ramani, askari wamejipanga, lori linanguruma nje.

"Muuaji huyu anafuata barabara," alisema. "Karani, hapa Kabiria aliuawa nani?"

Niliitazama pini yangu.

"Jogoo, afande. Alichinjwa kwa heshima yangu."