Yavuyavu Chini ya Gati

Mama Gati na shemeji yake hawakuiva chungu kimoja hata siku moja. Mume wake alipofariki alimwachia gati la kuelea pale mto unapoingia baharini: mbao zilizofungwa juu ya mapipa ya plastiki, abiria wa mitumbwi wakishukia hapo na wachuuzi wakipanga matenga yao ya uduvi. Shemeji, mdogo wa marehemu, alikuwa mvuvi wa uduvi, na rohoni aliona gati lile lilipaswa kuwa lake. Hakuthubutu kulisema. Alitafuta sababu nyingine ya kununa, na kiangazi kikampa.

Kila kiangazi mto ulipokonda, maji ya chumvi yalipanda hadi kwenye daraja la mto, na yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha ngozi, wakapanda nayo. Mwaka ule walikuja kwa fujo, weupe, wanateleza kama kamasi, wamejaa nyavuni hata uduvi hawaonekani. Siku moja shemeji alivuta wavu kwa nguvu, ukapasuka, mzigo mzima ukamwagika usoni. Akaenda moja kwa moja gatini, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

"Unawafuga wewe!" akafoka mbele ya watu. "Wanazaliwa chini ya mapipa yako. Nimezamia, nimeona!"

"Shemeji, kaoshe uso kwanza. Unanifukuzia abiria."

Wachuuzi wakaangua kicheko. Akaondoka akiapa kwamba gati lile atalikata kamba liende na maji.

Juma hilohilo pipa moja lilianza kuvuja. Mama Gati alipolipindua, upande usioona jua ulikuwa umeota vitu vidogo kama vikombe vyenye nywele, vimebanana hadi plastiki haionekani. Akakwangua kidogo, akavitia kwenye beseni na maji ya palepale, akaliweka jikoni kivulini. Baada ya siku kadhaa kikombe kimoja kilirefuka, kikajikata mapingili kama sahani zilizopangwa. Sahani ya juu ikachomoka, ikaanza kuogelea, ikijikunja na kujikunjua. Yavuyavu kamili, mdogo kuliko kifungo cha shati.

Alikaa sakafuni kwa hasira. Yule mtu alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo angeiringia mpaka anaingia kaburini.

"Utamwambia?" dada yake aliyekuwa pale jikoni akauliza.

"Nimwambie yule? Bora ninywe hili beseni."

Akavitia vikombe vilivyobaki kwenye maji ya bomba. Kesho yake vilikuwa vimelegea, vinanuka. Hapo akaelewa kwamba maji yasiyo na chumvi huviua. Mvua za kila mwaka zilifukuza wakubwa tu. Pale mdomoni mwa mto maji hayaishiwi chumvi kabisa, kwa hiyo vitoto viling'ang'ania mapipa hadi kiangazi kingine. Dawa ilikuwa kulipandisha gati juu zaidi, kupita daraja na kona ya mto, ambako maji ni matamu mwaka mzima, hayana chumvi hata chembe.

Alipokuwa anafungua kamba na wapiga makasia wake, shemeji akatokea na panga mkononi. Alipoona gati linaondoka lenyewe, akacheka kwa sauti.

"Umeshindwa, shemeji! Umekimbia!"

"Nimechoka kuiona sura yako," Mama Gati akajibu, wala hakugeuka. Lakini maneno yale yalimchoma, akalia njia nzima, akiwageuzia mgongo wapiga makasia.

Kiangazi kilichofuata yavuyavu walipungua, hawakuisha. Nguzo za daraja nazo zilikuwa zimeota vikombe vilevile. Hilo halikumzuia shemeji kutangaza kila kona kwamba mjane wa kaka yake aliacha mikosi nyuma yake.

Ila wachuuzi walikuwa wamelifuata gati. Sasa kila shemeji alipopata uduvi ilimbidi apige kasia kinyume cha mkondo, mtumbwi umejaa, hadi kule juu. Mwisho akafika, jasho linamtiririka.

"Shemeji, lirudishe gati. Yaliyopita yamepita."

"Kwani yavuyavu wangu wameisha?"

"Si wako... Sikumaanisha vile."

"Ulimaanisha."

"Sasa mimi nifanyeje? Mgongo unaniua!"

Mama Gati akamtazama kutoka juu hadi chini, mkono kiunoni.

"Piga kasia," akasema, akaenda kumpokea abiria.