Mama Fundo na Masanduku Kumi na Manne

Siku hizi mtu akitaka kuhama nchi hubonyeza simu, na mtu asiyemwona humpangia bei ya vitu asivyoviona. Wanaita hayo maendeleo. Mimi nina jina jingine la jambo hilo, lakini huenda watoto wakasoma ukurasa huu, kwa hiyo nitalimeza.

Nataka kuandika habari za shemeji yangu, mke wa marehemu mdogo wangu, ambaye kwenye ghala la wahamishaji tulikofanya kazi aliitwa Mama Fundo. Hakuwa mkubwa wa kitu chochote, na hakuna barabara itakayopewa jina lake. Lakini kwa miaka thelathini na mmoja alifunga vyombo vya watu waliokuwa wakihama, na vyombo hivyo vikavuka mipaka mitatu, minne, vikafika vizima.

Aliingia ghalani akiwa mjane mwenye binti wa miaka minne. Kazi aliyopewa ilikuwa kushona maturubai. Siku moja mfungaji wetu mkuu alilala na homa, na kabati la vioo la daktari mmoja mgeni lilikuwa linasubiri lori. Shemeji aliweka sindano chini, akachukua nyundo. Wanaume wakacheka. Mmoja akauliza, mwanamke akishika nyundo, nani atapika?

"Atakayeshindwa," akajibu, akaendelea kupigilia.

Kabati lilifika bila ufa. Tangu siku hiyo hakushona turubai tena, na yule aliyeuliza swali alipata shida kulisahau kwa sababu hatukumruhusu.

Ghala letu lilikuwa na sheria zake, na hakuna aliyeziandika popote. Hakuna aliyetaja bei kabla ya kwenda nyumbani kwa mteja, kufungua makabati yake na kuchungulia uvungu wa kitanda. Nyapara wetu alisema kitanda hakihamishwi kwa maneno. Sheria nyingine ilikuwa ya kalamu: namba ya sanduku iliandikwa ubavuni, pande tatu, kamwe si juu ya kifuniko. Masanduku yakipangwa, kifuniko hufunikwa na sanduku la juu yake, na namba iliyoandikwa pale ni sawa na kuandika majini. Aliyeisahau sheria hiyo alipewa ufagio kwa wiki nzima.

Mimi nilijifunza kusoma kwa magazeti ya zamani tuliyofungia sahani. Yeye alijifunza kwangu, kisha akanipita, akawa ananisahihisha mbele za watu. Nilivumilia. Mwanafunzi akimpita mwalimu, mwalimu hana budi kujisifu kwamba alifundisha vizuri.

Ghala lilifungwa. Pale tulipokuwa tunapasua mbao sasa wanauza vifuniko vya simu. Wafungaji wenzetu wengine wamekufa, wengine wamekaa kwenye viti vya watoto wao wakitazama ukuta. Nilidhani ufundi wetu umekufa nao, mpaka yalipotokea mambo ya binti yetu.

Binti huyo, yule yule wa miaka minne, alikua akawa fundi viatu, tena si wa viatu vya madukani. Anawashonea watu ambao mguu mmoja ni mfupi, au umepinda, au umekatwa vidole. Kwa kila mteja huchonga kalibu, yaani mguu wa mbao ulio sawasawa na mguu wa mtu huyo, na juu ya mbao hiyo ndipo hushona kiatu. Pea moja humchukua wiki mbili. Katika miaka kumi na mmoja aliyoishi ugenini alikuwa amechonga pea mia moja na kumi na mbili. Wenye miguu hiyo wametapakaa nchi tatu, na kila viatu vyao vikiisha humwandikia awashonee vingine.

Ndipo hospitali ya nchi nyingine ikamwita. Walimpa chumba cha kufanyia kazi na sharti moja: aanze ndani ya miezi miwili. Bila kalibu zake angefika pale kama kinyozi asiye na wembe. Mama yake akapanda ndege kwenda kumsaidia kufunga vitu, akiwa na miaka sitini na sita na kitita cha kamba ya katani ndani ya mkoba.

Alipofika alikuta binti ameshapata kampuni. Ameiona kwenye simu: picha nzuri, maneno matamu, bei ya chini kuliko zote. Shemeji akauliza nani alikuja kuviona vitu. Hakuja mtu, akaambiwa, walitumiwa picha. Akauliza ghala lao liko mtaa gani. Binti hakujua. Akauliza mkataba unasemaje. Binti alikuwa ameutia saini, na nusu yake ilikuwa na nafasi tupu ambazo, walimwambia, zitajazwa baadaye.

"Mama, siku hizi hakuna anayekuja nyumbani," binti alisema. "Utafanya watuone washamba."

Simlaumu. Mgeni ni mtu asiye na mjomba mtaani. Lugha ya sokoni anaijua, ya kazini anaijua, lakini lugha ya mikataba inamshinda hata mwenyeji. Tena mwenye nyumba alikuwa ameshapata mpangaji mwingine, na tarehe ilikuwa inamkimbilia. Matapeli wanaijua tarehe hiyo kuliko wewe mwenyewe. Shemeji akaenda kuyafunga masanduku ya kalibu kwa mkono wake. Yalikuwa kumi na manne.

Wakaja asubuhi, wanaume watatu na nyapara wao, mtu wa tabasamu nyingi. Shemeji hakujua neno la lugha yao. Akavuta kiti, akakaa, akaitazama mikono yao.

Akaona kwamba boksi likijaa lilipigwa selotepu mkanda mmoja tu. Akaona hakuna aliyeuliza kilichomo. Kisha akamwona mmoja akichukua kalamu na kuandika namba juu ya kifuniko. La pili, juu ya kifuniko. La tatu, vivyo hivyo.

Aliniambia kwamba hapo moyo wake ulishtuka kama mtu aliyeruka ngazi moja gizani. Mfungaji mzembe anaweza kusahau mara moja. Lakini watu wanne, masanduku yote? Hao hawakuwa na nia ya kuyatafuta tena.

Akashuka ghorofa tatu mpaka barabarani, polepole kwa sababu ya goti. Nyuma ya lori hapakuwa na blanketi hata moja, wala mkanda wa kufungia. Lakini palikuwa na vitu. Ndani kabisa alikuta kitanda cha mtoto, meza na maboksi kama ishirini ya watu wengine, namba juu ya vifuniko. Akapitisha kidole juu ya boksi moja. Kidole kikarudi na vumbi nene. Vitu vilivyopakiwa jana havina vumbi namna ile. Mahali fulani palikuwa na mtoto aliyekuwa analala chini.

Akapanda tena. Alipofika juu alihema, lakini hakukaa. Masanduku ya kalibu yalikuwa yametolewa nje ya mlango, yamepangwa kwenye ukumbi mdogo wa ngazi.

"Hawa hawahamishi," alimwambia binti. "Hawa wanachukua."

Binti akamsihi asimtie aibu, mkataba umeshatiwa saini, sofa na kabati la vyombo vimeshashuka. Mama hakubishana. Alitoa kamba yake ya katani, akapiga magoti, akaanza kufunga. Alipitisha kamba kwenye vyuma vya ngazi, akazungusha sanduku, akakaza, akaenda la pili. Kila sanduku lilipata fundo lake peke yake, lile lile lililompa jina ghalani, ambalo ukilivuta linakaza na ukilisukuma linakaza zaidi. Yalipokwisha yote kumi na manne, akakaa juu ya la mwisho, akakunja mikono.

Mmoja wa wale wanaume alijaribu kulifungua fundo, akavunja kucha. Nyapara akaongea kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akatoa kisu. Akakata kamba ya sanduku la kwanza. La pili likabaki limeshika. Akakata la pili. La tatu likabaki. Kwa kila fundo alilokata ilimbidi apandishe sauti, na kwa kila sauti mlango mmoja wa ngazi ulifunguka. Mzee wa ghorofa ya pili, dereva mstaafu, akapanda na mfuko wake wa mikate, akataka kujua kwa nini mtu anamtolea kisu bibi aliyekaa juu ya sanduku.

Hapo ndipo binti alipopata ulimi. Alimwomba nyapara mbele ya wote aandike kwenye mkataba anwani ya ghala, jina la atakayepokea na siku ya kufika. Aliomba kwa lugha yao, kwa sauti ya juu. Nyapara akasema wageni wote ni wasumbufu. Yule dereva akasema hata yeye angependa kuiona hiyo anwani.

"Andika tu," akamwambia. "Kalamu ninayo."

Hawakuandika. Walishuka upesi kuliko walivyopanda, wakaondoka na sofa, kabati na vyombo vyote vya jikoni. Mpaka leo havijaonekana. Polisi walipewa namba ya lori, na namba ikaonekana kuwa ya pikipiki. Nayasema haya ili asiwepo wa kudhani kwamba shemeji yangu alifanya miujiza. Alipoteza nusu ya nyumba, akaokoa kazi ya mtoto wake.

Kwa siku nne zilizofuata walikaa sakafuni wakala kwa bakuli za yule dereva. Kampuni ya pili waliitafuta kwa miguu. Shemeji aliingia ghala moja baada ya jingine, hakusoma matangazo yao, aliangalia mablanketi na mikanda na maandishi ya ubavuni. Ghala la tatu lilimpendeza. Mwanamke mmoja mnene alitoka huko, akaja nyumbani, akafungua makabati na kuinama kutazama chini ya kitanda. Bei yake ilikuwa ya juu. Shemeji akamwambia binti, huyu mpe saini.

Kalibu zilihamishiwa kwenye masanduku ya mbao, kumi na manne vilevile. Kwa kila pea binti aliandika jina la mwenye miguu na kasoro yake: wa kulia mfupi kwa vidole viwili, wa kushoto hauna kisigino. Orodha moja ikaingia sandukuni, nyingine ikarudi huku kwetu mkobani mwa mama.

Wiki ya sita tangu masanduku yaondoke, simu ililia, nami nilikuwepo sebuleni kwake. Binti alisema masanduku yamefika, yote kumi na manne, ameyahesabu.

"Nani kakuuliza masanduku?" shemeji akasema. "Soma miguu."

Akavaa miwani, akatandaza orodha mezani, akashika penseli. Kule binti akawa anainua kalibu moja moja na kusoma, huku mama akiweka alama. Ilichukua karibu saa mbili. Chai yangu ikapoa na hakuna aliyeniuliza. Walipofika pea ya mia moja na kumi na mbili, penseli ikaweka alama ya mwisho, na kwenye ukurasa hapakuwa na nafasi tupu hata moja.

Kule upande wa pili nilisikia mlango ukigongwa, na binti akamwambia mtu subiri kidogo, kisha akasema, "Mama, kuna mteja."

"Basi kata simu," akajibu. "Usimsimamishe mtu mwenye mguu mbaya."