Mkono Ndani ya Feni

Yule fundi wa stima hapandishi sauti hata umtukane, na hiyo ndiyo ilikuwa inamchoma Mama Ochola zaidi. Mzee wake amelala pale kitandani, upande mmoja wa mwili umekufa, joto la huu mtaa wa Kanamkemer linampika, na huyu mtu juu ya ngazi anaguza kila waya kwa mgongo wa kidole kabla ya kuushika, polepole, kama mtu anapima homa ya mtoto.

"Si umezima stima? Unaogopa nini, mwanaume mzima?"

"Naguza tu, mama."

Alikuwa anaweka kidude fulani ndani ya hiyo feni kuukuu ya dari, ndio kijana wake Ochola aiwashie baba yake kwa simu kutoka Eldoret mama akienda soko. Jasho linamwingia machoni, hapangusi. Anafunga skrubu moja, anapumzika, anaangalia ukuta, anafunga nyingine. Mama Ochola akasonya. Hapo simu yake ikalia, ni Ochola.

"Mama, nimebonyeza mara mbili. Feni imezunguka?"

Akainua macho. Mkono wa fundi ulikuwa ndani ya feni mpaka kiwiko. Fundi mwenyewe, kwa mkono wa pili, akatoa kwa mfuko wa shati fyuzi ya meni swichi, ile inaleta stima nyumba nzima, akamwonyesha, akairudisha, akafunga kifungo.

Mama Ochola akashika ngazi.

"Ochola! Weka hiyo simu chini na uende mbali nayo! Kuna mtoto wa mtu huku juu."