Chumba cha Kaakwanza

Jirani yangu wa ukuta mmoja ana miaka thelathini na moja katika kazi ya mochwari, na tangu nimjue sijasikia mtu akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Madaktari, wauguzi, wafagizi, hata wenye vibanda nje ya geti la hospitali, wote humwita Kaakwanza. Limetokana na maneno anayoyasema kabla ya mengine yote: "Kaa kwanza."

Mkewe alimpiga marufuku kuyasema nyumbani. Siku moja alikuja mzee wa watu, baba wa kijana aliyetaka kumwoa binti yao. Kaakwanza, kwa mazoea, akamwekea mkono begani, akamwambia taratibu, "Kaa kwanza, kaka." Mgeni akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Nani? Nani tena?" Kumbe mwaka uliotangulia aliuguza na kufiwa hospitali ile ile. Vikombe viwili vya chai ndivyo vilivyomrudishia roho mahali pake.

"Mgeni wangu mwambie karibu kiti," mkewe alifoka walipobaki wawili. "Hilo lako liache kazini pamoja na mabuti yako."

Mimi nilimjua kabla hatujawa majirani. Mdogo wangu alilazwa siku nne. Siku ya tano nilifika asubuhi na chupa ya maziwa, nikakuta kitanda kimetandikwa vizuri, shuka limenyooka. Nikaambiwa niende dirishani kwa karani. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, wengine wamekaa chini. Karani akainua karatasi, akaita kwa sauti ya mtu anayenadi nyanya, "Ndugu wa marehemu!" Kisha akalitaja jina la mdogo wangu.

Sikusogea. Mimi sikuwa na marehemu, nilikuwa na mgonjwa. Akaita mara ya pili. Ya tatu akaita kwa hasira: "Jamani, huyu marehemu hana ndugu?" Na mimi nikageuza shingo huku na huku kama wenzangu, nikimwonea huruma huyo ndugu, yuko wapi maskini.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka mtu mfupi mwenye mabuti ya mpira. Akapitisha macho ukumbini, akaiona chupa yangu ya maziwa, akaja moja kwa moja. Kando ya mlango palikuwa na kreti la soda lililopinduliwa. "Kaa kwanza, kaka," akasema. Nikakaa. Akachutama mbele yangu mpaka uso wake ukawa chini ya wangu. Akauliza mgonjwa ni nani kwangu. Nikasema mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Akalitaja jina lake, akasema amefariki alfajiri, kisha akanyamaza. Hakuondoka, wala hakusema yatapita. Ile chupa ya maziwa aliishika yeye.

Baadaye, tulipokuwa marafiki, nilimuuliza kwa nini alisema neno lile kavu namna ile, amefariki. Akaniambia zamani alikuwa akisema amepumzika. Siku moja akamwambia hivyo kijana fulani, kijana akashukuru sana, akaenda zake. Baada ya saa nzima akarudi na mto. Alisema kama baba amepata usingizi hatimaye, basi alale vizuri. "Tangu siku hiyo," Kaakwanza aliniambia, "nalisema lenyewe, mara moja, halafu nafunga mdomo."

Nimeanza kuzunguka, nirudi kwenye habari ya chumba.

Miaka mitano iliyopita alifika pale mwalimu wa chuo kikuu, mama kijana tu mwenye miwani, anayefundisha mambo ya lugha. Alikuwa akichunguza jinsi watu wanavyopewa habari za msiba: nani anasema, anaanza na neno gani, amesimama au amekaa. Kwa miezi minane alikaa kwenye kona ya ukumbi na daftari lake. Wafanyakazi walidhani ametumwa kuwapeleleza, karani akawa anaita kwa adabu siku anazomwona. Mwisho akatoa kitabu kinene kama tofali, akamletea Kaakwanza nakala yake.

"Mwanangu," Kaakwanza akamwambia huku akikipima uzito mkononi, "kurasa zote hizi ni za kusema kaa kwanza?"

"Karibu zote, baba," mwalimu akacheka. "Chache ni za kusema wengine hawasemi."

Kile kitabu kiko kabatini kwake, chini ya shati la kuendea harusini. Nami nilidhani habari imeishia hapo kabatini, kwa sababu hayo ndiyo maisha ya vitabu vya chuo. Lakini mwaka juzi chuo kilitangaza kuwa kina fedha za kuwapa walimu wa lugha, historia, sanaa na mambo kama hayo, ili utafiti wao utoke rafuni ukawasaidie watu. Mwalimu akaomba. Akapewa mwaka mmoja.

Kando ya ule ukumbi kulikuwa na stoo ya vitanda vilivyovunjika. Vitanda vikatolewa, kuta zikapakwa rangi ya krimu. Wakaweka benchi lenye mgongo, viti viwili, jagi la maji na pazia. Cha maana kuliko vyote, wakaweka mlango unaofungika. Kila Jumatano mchana Kaakwanza alikuwa akiwafundisha humo wauguzi na makarani, yeye ambaye maisha yake yote alifundishwa na kila mwenye koti jeupe. Niliwahi kuchungulia. Alikuwa amemkalisha yule karani wa dirishani kwenye benchi, eti awe mfiwa, na sista mmoja mnene mcheshi ampe habari.

"Kaka, nina habari mbaya kidogo," sista akaanza.

"Kidogo?" Kaakwanza akadakia. "Amekufa kidogo?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Karani peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa pale benchini. Akasema, polepole, "Mimi nimewaita watu pale dirishani miaka tisa." Toka wiki ile hakuita tena. Alikuwa anatoka nje ya kijumba chake, anamfuata mtu, anamwongoza chumbani, anamfungia mlango yeye na Kaakwanza.

Nilimwona rafiki yangu mwaka ule akitembea kama mtu aliyevuliwa mzigo. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu, na alichokitaka ni kimoja tu: akiondoka, chumba kibaki.

Kwa kubaki, kulikuwa na sharti. Chuo kilitaka ushahidi kwamba watu wamenufaika. Ndiyo haki yao, fedha si zao peke yao. Kwa hiyo zikaletwa fomu mia mbili, zijazwe na wafiwa kabla hawajaondoka hospitalini. Zikitosha, mradi unaongezewa miaka mitatu na hospitali inakiandika rasmi kuwa chumba, si stoo. Zisipotosha, basi. Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Ilikuwa na nyuso tano zilizochorwa, toka anayecheka mpaka aliyenuna, na swali juu yake: Umeridhika kwa kiasi gani na jinsi ulivyopewa taarifa?

Kaakwanza alijaribu mara moja. Alikuwa mama aliyefiwa na mwanawe wa kwanza. Walikaa chumbani karibu saa nzima, wakamaliza maji ya jagi. Alipoinuka kuondoka, Kaakwanza akamsogezea karatasi na kalamu. Yule mama akaitazama, akauliza, "Hii ndiyo karatasi ya kumchukulia mwanangu? Nitie sahihi wapi?" Akaweka alama kwenye uso ule unaocheka, kwa kuwa ndio ulikuwa karibu na kidole chake.

Kaakwanza aliniambia jioni ile tukiwa kibarazani. "Nilitamani sakafu inimeze."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitawauliza. Ila siyo siku ile. Mtu umwache kwanza azike, alie, arudi kulala usingizi. Nitamuuliza baadaye, kwa simu."

Akanunua daftari. Kila mfiwa alimwomba namba, akaandika. Mwalimu alipopiga kuuliza fomu zinaendeleaje, alijibu, "Zinakuja, mwanangu, usiwe na wasiwasi." Wala hakuwa akidanganya. Kwake zilikuwa zinakuja kweli, kwa mwendo ambao jambo lile linakwenda. Nami, mpumbavu wa kuzeeka, nilimwunga mkono. Nilisema ndivyo utu unavyotaka. Kati yetu hakuna aliyefikiria kuuliza mwisho ni lini.

Mwisho ulikuwa Ijumaa. Mwalimu alikuja Jumanne kuchukua fomu zake. Nilikuwepo, nilikuwa nimetoka kupigwa sindano ya goti. Kaakwanza akafungua droo, akatoa zile fomu mia mbili, nzima, zingali na utepe wake, isipokuwa ile moja. Juu yake akaweka daftari. Watu mia mbili na kumi na wanne, kwa mwandiko wake wa kulalia upande. Mbele ya kila jina alikuwa ameandika neno la ukumbusho: huyu apigiwe asubuhi, jioni hulia. Huyu ni mjamzito, angoje ajifungue. Huyu ana wasichana wawili, aulizwe wanaendeleaje. Huyu asiulizwe kabisa.

Mwalimu alisoma kurasa nne au tano akiwa amesimama. Kisha akakaa.

"Baba," akasema, "ripoti ni Ijumaa."

"Ijumaa hii?"

"Hii hii."

Walipiga simu siku tatu, wao wawili na karani, kila mmoja na ukurasa wake. Wengine hawakupokea. Namba nyingine zilikuwa za marehemu wenyewe, maana mtu akiulizwa namba siku ile hutaja anayoikumbuka, basi simu ikaita katika nyumba ya watu, na watu wakastuka. Wengine walipokea wakasema, "Ndiyo wewe uliyenikalisha?" wakaanza kulia, na Kaakwanza hakuweza kumkatisha mtu anayelia ili amsomee habari ya nyuso. Mmoja alizungumza dakika arobaini, akashukuru, akakata kabla hajaulizwa swali.

Ijumaa saa sita mchana nilipowapitia walikuwa na fomu thelathini na moja. Karani akafunga mlango wa chumba.

"Mzee, tukae tujaze wenyewe. Kalamu tofauti tofauti. Nani atajua?"

Mwalimu alikuwa ameshika kalamu, anaitazama.

"Nijaze uso upi?" Kaakwanza akauliza.

"Wa kwanza, mzee. Tena hata si uongo, unajua mwenyewe waliridhika."

"Sijui. Nilimwambia mtu mama yake amefariki. Sijui aliridhika." Akazirudisha fomu kwenye utepe. "Humu ndani sijamwambia mtu uongo hata siku moja, mwanangu. Hata waliponiomba."

Mwalimu akapiga ofisi ya utafiti ya chuo. Aliiweka simu kwenye spika, wote tusikie. Bwana aliyepokea alikuwa muungwana, nisimsingizie. Alisikiliza mpaka mwisho, hata yeye sauti ikamlegea. Akasema anaelewa kabisa, na yeye alifiwa mwaka jana, lakini mtambo unajifunga wenyewe saa kumi na moja, yeye hana ufunguo wake.

Wakatuma thelathini na moja, na barua ndefu ya mwalimu, na picha za kurasa za daftari, majina yamefunikwa. Baada ya wiki sita likaja jibu: kazi ni nzuri, ushahidi hautoshi. Mwalimu alikwenda kuonana na wakubwa wake mara mbili. Mara ya pili alikuja kwa Kaakwanza akiwa na macho mekundu, na Kaakwanza, mtu wa watu, ndiye aliyembembeleza yeye. Daftari alitaka kumwachia. Mwalimu akasema abaki nalo, yule mjamzito atakuwa amejifungua.

Chumba kikarudi kuwa stoo. Hawakufanya kwa ubaya. Vitanda vilikuwa vinanyeshewa nje, na stoo nyingine hakuna. Karani akahamishiwa wilaya nyingine, sista mnene akapandishwa cheo akaenda kliniki ya watoto. Dirishani akaja karani mpya, kijana mchapakazi, mwenye sauti safi inayofika mwisho wa ukumbi.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwa goti langu, nikapita kumngojea rafiki yangu turudi wote. Amebakiza miezi miwili. Ukumbi umewekwa vigae vipya vyeupe, na kreti la soda halipo, walilitupa siku ya vigae. Karani akaita ndugu wa marehemu. Akaita tena. Bwana mmoja mrefu, kofia mkononi, alikuwa akigeuza shingo huku na huku kama wenzake.

Kaakwanza akatoka. Akamwona. Akaenda kuushika mlango wa stoo, nadhani mkono ulisahau, kumbe mlango umefungwa kwa kufuli. Basi akamwongoza bwana yule mpaka ukutani, akaanza yeye kushuka, mkono ukutani, magoti yakilia, mpaka akakaa kwenye vigae. Akapigapiga mahali kando yake.

"Kaa kwanza, kaka."

Bwana akakaa. Kikaja kitanda cha magurudumu na mgonjwa juu yake. "Mzee, tupisheni." Wakainuka. Kikapita. Wakakaa tena. Kaakwanza akauliza, "Mgonjwa ni nani kwako?" na kabla hajajibiwa kikaja cha pili, chenye mtungi wa oksijeni, kinakimbizwa. Wakainuka. Safari hii Kaakwanza aliinuka kwa kusaidiwa na yule yule bwana, aliyemshika kwapani kwa heshima, kama mtu anavyomshika baba yake.

Wakabaki wamesimama. Nilimwona rafiki yangu akitazama sakafu, kisha mwisho wa ukumbi, ambako cha tatu kilikuwa kinakuja. Nikamsikia akilitaja jina la mgonjwa. Akasema amefariki saa nne. Akanyamaza.

Yule bwana alikuwa bado amemshika mkono. Akauachia, akaanza kutafuta mahali pa kukaa.