Oili Iliyorudi Yenyewe Kwa Vonza

Ilikuwa mwaka wa 1976. La, nimekosea. Mwaka wa 1976 lori la Mzee Ndululu lilikuwa bado na stata ya kuwashia injini, na bila stata kufa kisa hiki hakingekuwako. Basi ni 1978, mwaka ambao mbaazi zilizaa mpaka watu wakakosa magunia.

Dereva wa lori hilo alikuwa Kivuva, mtu mrefu, mpole, wa kucheka kwa mabega tu. Lori lilikuwa limezeeka. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani, na honi ililia ikipenda. Stata ilipokufa, Mzee Ndululu alisema, "Stata ya nini, na Mungu ametupa mlima?"

Ni kweli, duka lake pale Kwa Vonza lilikuwa juu ya mteremko. Kila jioni Kivuva aliegesha lori mbele ya duka, pua ikitazama bondeni, akatia jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi jiwe linatolewa, lori linateremka, gea inaingia, injini inakohoa, inaamka. Wenye magari wote wa pale waliegesha hivyo. Ukiona gari limesimama pahali tambarare, ulimpa mwenyewe pole.

Shida ilianzia kanisani. Mchungaji Jonah alihubiri juu ya wakili dhalimu, yule aliyechezea mafuta ya tajiri wake, na Mzee Ndululu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na hukaa kiti cha mbele, akatoka pale na wazo. Asubuhi iliyofuata alifungua boneti mwenyewe, akachomoa dipstiki, ule ufito wa chuma wa kupimia oili, akautazama kwa jicho moja.

"Kivuva. Oili iko chini ya alama."

"Juzi nilipima kule Sultan Hamud, Mzee, ilikuwa sawa."

"Sultan Hamud ni Sultan Hamud. Hapa iko chini. Ongeza."

Akaongeza. Lori likaenda Sultan Hamud na mbaazi, likitoa moshi wa buluu mpaka mjini Wote, kuku wa barabarani wakikohoa. Likarudi. Asubuhi Mzee akapima: chini tena. Ongeza. Ikawa hivyo wiki nzima, na wiki ya pili.

Kivuva alitafuta tundu kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Alimwaga jivu jeupe chini ya injini lori likilala. Asubuhi jivu lilikuwa kavu, hata tone hakuna. Akafungua rejeta, maji yalikuwa masafi. Akakaza nati ya chini, nayo ilikuwa imekaza tayari. Lakini juu, injini ilikuwa imelowa oili mpaka kwenye waya. Sasa ni tundu gani hili linalovuja kwenda juu?

Mzee Ndululu yeye alitafuta upande mwingine. Siku hizo kila mtu alipaka oili chafu kwenye nguzo za nyumba, mchwa wasile. Basi akazunguka soko lote akinusa nguzo za watu, kofia mkononi, mpaka akafika kwa Kivuva, akainama kwenye nguzo ya ghala.

"Hii ni nini?"

"Ni oili chafu ya mwaka jana, Mzee. Ulinipa wewe mwenyewe."

"Naona inang'aa kama ya juzi."

Tangu siku hiyo akaichukua dipstiki, akawa anatembea nayo kwapani pamoja na mwavuli. Tundu lake kwenye injini Kivuva aliliziba kwa gunzi la mahindi. Oili ikiongezwa, gunzi lilirushwa njiani kama kizibo cha soda, na Kivuva akasimama kutafuta gunzi lingine.

Nyumbani mkewe, Ndinda, hakucheka.

"Baba Nzilani, watu wanasema unauza oili."

"Waache waseme."

"Niwaache? Mwezi ujao watu wa Wote wanamletea Nzilani mbuzi wa ntheo, wa kumposa. Nani anafungua posa kwa nyumba ya mwizi? Wataishia barabarani na mbuzi wao, wawachome wenyewe."

Hapo mabega ya Kivuva yalilala.

Siku ya soko, alipofika kutoka safari, alikuta Shire, Msomali mfanyabiashara wa mifugo, amejaza mbuzi mbele ya duka.

"Wariya Kivuva, hapa hakuna nafasi! Hata mimi nasimama kwa mguu mmoja."

Kivuva hakuwa na nguvu ya kubishana. Akaegesha ng'ambo ya barabara, pua ikitazama juu ya mlima, jiwe nyuma ya gurudumu. Kesho angewasha kwa gea ya kurudi nyuma.

Asubuhi Mzee alipima. Akapangusa dipstiki kwa kanzu ya mkewe iliyokuwa kambani, akapima tena. Oili ilikuwa juu ya alama, vidole viwili.

"Halleluya!" alipaza sauti mpaka mbuzi wakaruka. "Amerudisha! Mwizi ametubu!"

"Mzee, mimi sijarudisha kitu."

"Nyamaza, kijana wangu, usiharibu. Jumapili utasimama mbele, tutakuombea, na funguo za lori zitabaki kwako. Usiposimama, uzilete kwangu Jumatatu."

Kivuva alikwenda kuketi kwenye gunia la chumvi. Aliwaza hivi: mimi sikutia oili. Mzee hakutia. Kitu gani kilibadilika jana? Mbuzi wa Shire. Na mbuzi hawajui kufungua boneti. Akainua macho, akalitazama lori lilivyokaa, matako chini, pua juu. Mabega yakaanza kutingishika, pole pole, mpaka Shire akamuuliza kama ni malaria.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani, maana habari ya mwizi anayetubu ni tamu. Kabla Kivuva hajafungua mdomo, Mchungaji Jonah alikuwa amekwisha mwombea, kina mama wamepiga vigelegele, na Mzee Ndululu amemkumbatia mara mbili. Ndinda alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyefiwa.

"Sasa sema, ndugu."

"Msamaha siutaki," Kivuva alisema. "Nataka dipstiki. Na watu wote watoke nje."

Walitoka, nani angebaki? Kivuva aliegesha lori kwenye mteremko kando ya kanisa, pua ikitazama bondeni. "Tungoje oili itulie," akasema, na kwa kuwa watu wa kanisa hawawezi kungoja kimya, wakaimba wimbo mzima. Mzee akapima kwa mkono wake: chini ya alama. Lori likateremka, likawaka, likazunguka, likasimama mbele ya mlango wa kanisa, pale tambarare. Wakaimba wimbo wa pili. Mzee akapima: vizuri, imepita alama kidogo tu. Halafu vijana wakalisukuma mpaka likawaka, likageuzwa pua juu ya mlima. Wimbo wa tatu uliimbwa haraka sana, hata ubeti mmoja ukarukwa. Mzee akachomoa, akatazama: vidole viwili juu ya alama.

"Oili ni ile ile," Kivuva alisema. "Gari likiinama, inakimbilia mbele, na dipstiki iko nyuma. Wewe unaona imepungua, unasema ongeza. Ikizidi, injini inaitapika, hapo ndipo moshi, hapo ndipo gunzi linaruka. Lori lilikuwa limeshiba, Mzee. Sisi tunalilazimisha kula."

Watu walimtazama Mzee Ndululu. Mzee akautazama mteremko.

"Basi mwizi ni huu mlima," akasema, na watu wakacheka mpaka Ndinda akalazimika kushika nguzo. Naye Mzee, kwa haki, aliitoa dipstiki kwapani, akaipangusa kwa kitambaa chake cheupe, akampa Kivuva kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto.

Waliitana kwenda kunywa chai. Kivuva hakwenda. Alisimama pale na dipstiki yake, akamgeukia Mchungaji Jonah, ambaye alianza kupekua kitabu cha nyimbo, kisha Mzee Ndululu, ambaye alikumbuka duka halijafungwa, kisha kina mama wa vigelegele, ambao waliona chai inapoa.

"Na huu msamaha mlionipa, wa kosa ambalo sikufanya, nimrudishie nani?"