Plagi ya Miguu Miwili

Jirani aliyekimbia vita vya Mogadishu aliingia Garissa na pasi ya umeme yenye plagi ya miguu miwili ya duara, na soketi zetu zina matundu matatu bapa. Kila asubuhi Saado wa mlango wa pili alimchungulia. Jirani alichomoa mswaki wa mti kinywani, akaupangusa kwa ncha ya mtandio, akauchomeka kwenye tundu la juu la soketi mpaka yale mawili ya chini yafunguke, kisha akaisukuma plagi polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Vidole vya hina, wala havitetemeki! Saado yeye alipuliza pasi ya makaa, majivu puani, huku Gelle, mumewe, siku hizi akipeleka kanzu yake ya Ijumaa huko huko kwa jirani.

Siku moja Saado akanunua plagi ya miguu mitatu, akampelekea. "Kata hiyo, abaayo, dada yangu, uweke ya kwetu. Unachokoa ukuta kama mwizi!"

Jirani akacheka, akizungusha waya kwenye pasi yake. "Siikati, abaayo. Matundu ya nyumbani kwangu ni ya duara. Nikirudi nitachomeka nini?"

Ijumaa ile Gelle alitoka kwa jirani na kanzu iliyonyooka kama karatasi. Saado akatandika mswala, akaiombea Mogadishu amani kuliko wenyewe wanavyoiombea.