Mkwe wangu alivyoichukia picha ya kikombe cha tatu, na nilivyoitetea shambani kwake

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjasalimia.

Mimi ni mzee wa darasa la nne. Nikikosea herufi mnisamehe, nikikosea ukweli mnipige. Shahidi wa haya ninayoandika yuko jikoni hapa, kila saa anakuja kuchungulia nimeandika nini.

Kilichonileta ni kijana mmoja humu aliyesema kaangalia picha ya kisaikolojia, zile za taratibu, akaizima dakika ya ishirini. Eti haina kitu. Na wenzake wakamgongea laiki.

Kijana, kaa hapo. Nilishabishana juu ya picha ya namna hiyo na mtu mgumu kuliko wewe, na ningeshindwa ningekosa mke.

Ni enzi za ruksa, vitu vya nje ndiyo vimeanza kuingia. Mimi mtoto wa Kihagara, ziwani, niliuza dagaa mpaka nikanunua TV ya chogo, deki na jenereta. Sikupewa na mtu. Nikapanda navyo Mbinga mjini, nikakodi chumba, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikawa mwenye video.

Nikampenda Winfrida wa Mapera.

Baba yake, Mzee Gaudensi, alikuwa mkulima wa kahawa, Mmatengo hasa, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili. Nilipopeleka posa akasema, "Kazi yako siijui. Watu wanasema video ni uhuni. Nitakuja nione kwa macho yangu, halafu Pasaka nitakupa jibu."

Na ilikuwa Kwaresima, wakuu. Nikapekua kaseti zangu zote. Za ngumi, damu. Za kikomando, damu zaidi. Za Kihindi, viuno. Ningemwekea mzee wa kanisa viuno kwenye Kwaresima?

Ikabaki moja tu, ile ambayo wateja wangu walikuwa wanaizomea.

Mimi nilikuwa naipenda sana. Kiingereza sijui, lakini nilishaiangalia peke yangu mara nyingi mpaka nyuso za wale watu nikazijua kama za ndugu zangu. (Wanaotaka jina la picha msinisumbue. Panya walishaila kaseti na jalada lake.)

Iko hivi. Mume na mke wanaishi wawili tu kwenye nyumba kubwa. Kila asubuhi wakija mezani wanakuta vikombe vitatu. Mke anamtazama mume, mume anamtazama mke. Hakuna anayeuliza. Wanakunywa chai. Kesho vitatu tena.

Basi. Saa nzima ni hivyo.

Jumapili baada ya misa mzee akaja na koti lake, akakaa benchi la mbele, kofia magotini.

"Steringi ni yupi?"

"Huyo mwenye miwani, baba."

"Mbona hana hata fimbo?"

"Subiri."

"Na adui yuko wapi?"

"Subiri, baba."

Ikafika katikati, akavaa kofia, akasimama. Watu wote wanatazama.

"Kijana wa ziwani, nimetoka Mapera mpaka hapa kumwangalia Mzungu akinywa chai? Chai hata mama Winfrida anayo! Nilidhani kazi yako ni uhuni. Kumbe ni uvivu."

Akatoka.

Jioni Winfrida akaniletea neno: "Baba anasema mvivu hampi mtoto. Ila hilo bado hajalisema mbele ya wazee."

Nikajua nafasi bado ipo. Asubuhi nikaenda shambani kwake, nikamwambia nimekuja kumsaidia.

Ulikuwa msimu wa ngoro. Kwa ambao hamjafika Umatengoni, ngoro ni mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama sega la nyuki. Lakini huanzi na shimo. Unafyeka nyasi, zinakauka, unazilaza kwa mistari inayokatana, miraba miraba. Ndipo udongo wa katikati ya mraba unachimbwa na kufunika zile nyasi, na maharage yanapandwa juu yake. Mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni, udongo haukimbii.

Mimi kwetu ni matuta ya muhogo. Nikaona habari ya nyasi inatuchelewesha. Nikashika jembe, nikaanza na mashimo moja kwa moja, nimshangaze mzee kwa spidi.

Nilikuwa nimechimba manne alipogeuka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Winfrida! Njoo umwone mla dagaa anachimba makaburi ya sungura!"

Mama akaja, naye akacheka. Winfrida akajifunika kanga usoni.

"Umeruka nyasi wewe," mzee akasema. "Mvua moja tu, shamba langu lote utalikuta kwenu ziwani."

Mimi nina kiburi, sikatai. Nikamjibu, "Lakini mzee, mpita njia akikuona si atasema mtu mzima anamtandikia mbuzi kitanda?"

"Atasema hivyo kwa sababu hajui hizi nyasi zinangoja nini."

"Na wewe jana ulijua vile vikombe vinangoja nini?"

Akaligeukia jembe lake.

Nikaendelea hapohapo, kabla hajalishika. "Aliyetengeneza ile picha alikuwa analaza nyasi, mzee. Kikombe cha leo mstari, kikombe cha kesho mstari unaokatiza. Wewe uliondoka kabla udongo haujaguswa, ukaenda kusema shamba halina kitu."

"Na udongo unaguswa lini?"

"Sikwambii. Njoo uangalie."

"Una kiburi."

"Ninacho."

Akanionyesha nyasi. Nililaza nyasi wiki nzima, wakuu, mgongo haukuwa wangu tena.

Jumapili akaja, na mama. Nikaanza mwanzo kabisa, remoti nikaitia mfukoni. Safari hii hakuuliza steringi. Alikuwa anahesabu vikombe.

Kuelekea mwisho, mwenye miwani anainuka kitandani bado amelala, macho ameyafumba, anashuka ngazi, anapanga vikombe: cha mke, chake, na cha mdogo wake, ambaye kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyemuua, kichwa chake kikakataa kukumbuka.

Mzee alinishika mkono, alama ya kucha ninayo mpaka leo. "Yesu na Maria! Ni yeye! Anaviweka mwenyewe!"

Picha ikaisha. Akavaa kofia, akaondoka. Mpaka Pasaka nilikonda kwa kungoja jibu.

Siku yenyewe nikaenda na baba yangu mdogo. Tukakaa mezani watatu, sisi na mzee. Winfrida akaleta vikombe vitatu.

Mzee akasema, "Ongeza kimoja."

Kikaletwa, kikajazwa, kikawekwa pasipo na mtu. Mzee ananitazama. Baba mdogo akaninong'oneza, "Anakuja nani mwingine?"

Akatuacha hivyo mpaka mvuke wa chai ukaisha.

"Winfrida," akasema, "chai yako inapoa. Njoo ukae na mwenzako."

Mzee ameshatangulia. Mpaka mwisho alikuwa akisema, "Ile picha ni mbaya. Ukiiweka uniite."

Kijana wa dakika ya ishirini, nilichojifunza mimi ni kwamba kitu usichokimaliza hujakiona bado. Irudie, halafu njoo hapa unitukane ukiwa umeimaliza. Na wengine, komenti ziko wazi: nani humu alishazima picha akajuta?

Shahidi anasema sikulaza nyasi wiki nzima, eti zilikuwa siku tatu. Msimsikilize.